Nishikie, Nifunge Kiatu

Huku kwetu Yanapata, Desemba ikiingia, watu hupoteza mikono. Mtu mliyekumbatiana naye Novemba, siku ya kuwapelekea marehemu mikate makaburini, Desemba anakusalimu kwa kidevu, mikono yote miwili imezama ndani ya poncho, blanketi letu la kuvaa, utadhani ameiba kuku. Wageni hudhani ni baridi. Baridi ipo, hilo halina ubishi, maana mlima umetukalia vichwani. Lakini mikono hii haikimbii baridi. Kwa miaka mingi ilikuwa ikimkimbia mtu mmoja tu, naye ni Targelia Sailema.

Targelia hakuwa mwizi wala mchawi. Alikuwa mjane mwenye mashamba mawili ya viazi, simbilisi waliojaa jikoni wakila majani na kupiga kelele, na kifua kilichokuwa kikikohoa tangu Mama Tungurahua, mlima wetu wa moto, alipoanza tena kutapika majivu. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikuwa mlezi wa Mtoto.

Mtoto ni sanamu ya mti, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi vidoleni, mashavu mekundu, kidole kimoja kimemeguka. Ni Mtoto Yesu wa Yanapata, wala si wa kanisa. Padri hupanda mara moja moja kutoka bondeni, akambariki, akala simbilisi wake wa kuchoma, akashuka zake. Mtoto hukaa nyumbani kwa mlezi. Kila jioni awashiwe mshumaa, awekewe kikombe cha uji wa shayiri, asimuliwe habari za siku. Nyumba isilale bila mtu. Na asivuke daraja la kutokea kijijini, kwani wazee walisema siku Mtoto atakapovuka daraja, mlima utakosa wa kuubembeleza. Kwa hiyo mlezi naye havuki akalala ng'ambo. Anaweza kwenda sokoni na kurudi. Mbuzi wa kamba naye huenda na kurudi.

Kuutua mzigo huo kuna njia moja. Kila mwaka, Desemba, siku ya sikukuu ya Mtoto, mlezi humshonea Mtoto kishati kipya, akamvua cha zamani, akakizungusha kile cha zamani uani mbele ya watu. Atakayekipokea mkononi ndiye mlezi mpya, mpaka naye apate wa kukipokea. Hakuna kura wala kulazimishana. Ni kupokea tu. Na kwa kuwa mlezi mjanja anaweza kukupenyezea kishati siku yoyote ya mwezi ule, kimefichwa ndani ya mkate au chini ya mayai, basi Desemba nzima hakuna anayepokea kitu kutoka kwake, hata kibiriti. Kuna pia sheria ya pili, nayo ni kali kuliko ya kwanza: anayemwonya mwenzake ndiye anayebeba. Ukifumbua mdomo tu, kishati ni chako.

Targelia alikipokea akiwa bibi harusi. Alikuwa ametoka upande wa pili wa bonde, hajui mila zetu, amevaa sketi mpya na anataka kupendwa. Siku ya sikukuu mama mmoja mtu mzima, Asunción Curay, akamsogelea akitabasamu.

"Nishikie, mwanangu, nifunge kiatu."

Targelia akashika. Uani watu wakapiga makofi, wengine wakarusha kofia, bendi ikapiga kwa nguvu, naye akatabasamu akidhani amependwa. Baadaye ndipo alipotazama chini, akaona kwamba Asunción amevaa buti za mpira. Buti za mpira hazina kamba. Asunción alihamia mji mkuu kwa mwanawe wiki ile ile, na hakurudi hata kuzikwa. Tangu hapo maneno yake yakawa ndiyo maneno ya sikukuu. Mlezi anapozungusha kishati lazima aseme, "Nishikie, nifunge kiatu," na watu hucheka mpaka machozi. Watu wote isipokuwa mmoja.

Mumewe, Rosalino, alikuwepo pale uani. Alijua, akanyamaza. "Ningefanyaje, Targe?" alikuwa akisema kila walipogombana. "Ningesema, ningebeba mimi, na ungebeba nami." Ilikuwa kweli, lakini kuna kweli ambazo mke hazisamehe. Rosalino alikufa bila kusamehewa sawasawa, na Targelia akabaki na Mtoto.

Mara moja alijaribu kutoroka. Binti yake Maricela alikuwa amehamia pwani, Manta, anafanya kazi kiwanda cha samaki, na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Targelia akamwachia Mtoto mshumaa mnene na uji wa siku mbili, akafunga mlango, akapanda basi alfajiri. Alifika mji wa Ambato tu, bado anatafuta basi la pwani, mlima ukanguruma na kumwaga majivu juu ya viazi vilivyokuwa vikitoa maua. Kabla hajakata tiketi, basi la Yanapata likatokea kituoni, limejaa majirani, wanaume wameshika kofia mkononi. Hakuna aliyemkaripia. Wakamwambia kwa upole, "Twende nyumbani, mama," na upole wao ndio uliomtisha. Mjukuu alizaliwa, akaitwa Danilo, akakua, akajua kusema "bibi wa simu."

Je, Targelia aliamini kwamba ni yeye aliyeuamsha mlima? Mchana hakuamini. Mlima ule ulikuwa ukitapika kabla yake na baada yake, akiwepo na asipokuwepo. Lakini kila jioni alipowasha mshumaa, mkono wake haukuthubutu kuchelewa. Hapo ndipo penye kufuli. Mlango uliofungwa na majirani mtu anaweza kuuvunja, ila huu mwingine ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe na aliogopa kuugusa.

Tangu safari ile basi likawa halina nafasi kwake. Dereva, Abdón, mtu wa tumbo na utani, alikuwa akisimama getini na viti vitupu nyuma yake.

"Limejaa, Doña Targelia."

"Limejaa nini, Abdón? Upepo?"

"Viti vimewekewa watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye haraka, mama. Wewe una haraka gani?" Kisha akatia gea, akaondoka.

Mwaka ule ninaousimulia, kifua kilizidi. Alilala na homa, na watu wakamletea supu, wakaiacha getini, maana ni mila vilevile kwamba mlezi akifa na Mtoto mikononi, wa kwanza kuingia ndani ndiye anayerithi. Targelia alijikokota kwenda kuifuata supu, akaikuta imepoa na mbwa ameonja. Ndipo Maricela alipopiga simu akilia.

"Mama, nimepata nyumba. Kuna chumba chako, dirisha linatazama bahari. Daktari wa huku anasema majivu yatakuua. Njoo mwaka huu, mama. Nimechoka kukuomba kama ninaomba mkopo."

"Nikipata wa kukipokea, nitakuja."

"Na usipompata?"

Targelia alibana simu sikioni. Kwenye simu alimsikia Danilo akiuliza kama bibi ana miguu.

Basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi wa Novemba, Wilmer, mtoto wa jirani yake Blanca Ocaña, alirudi kutoka pwani na mke. Jina lake Yadira, msichana wa bandarini, mweusi wa jua, mcheshi, amevaa soksi tatu tatu na bado meno yanagongana. Hakujua lolote la Yanapata. Habari zikaenea kabla hajashusha begi.

Ghafla kila mtu akampenda Targelia. Kina mama wakamsalimu kwa jina. Wazee wakamuulizia kifua. Mlezi mzee anayekohoa ni hatari kwa kila mlango, na mlezi kijana ni usingizi mtamu wa kizazi kizima. Hata Abdón alisimamisha basi getini bila kuombwa.

"Kiti cha mbele, mama, dirishani. Siku ya sikukuu nitakuwa nimewasha injini hapo barabarani. Wewe funga kiatu tu, mimi nitakufikisha mpaka kituo cha mabasi ya pwani."

"Leo halijajaa?"

"Kwako wewe? Ningewashusha hata watawa!"

Aliyekosa raha ni mmoja, Blanca, mama mkwe. Alimpenda yule msichana, na sheria ilikuwa imemshona mdomo. Alikuja ukutani kwa Targelia, akasimama na mikono ndani ya shali.

"Targelia, mkwe wangu ni mtoto bado."

"Mimi nilikuwa nani, Blanca? Nilikuwa mzee?"

Blanca akarudi nyumbani kwake. Kwa kuwa hakuweza kusema, aliamua kumtwika mkwewe mizigo. Kuanzia siku ile Yadira hakuonekana mikono mitupu. Akienda bombani ana ndoo mbili, akirudi ana kuni. Akikaa, mama mkwe anamtupia uzi akunje. Kijiji kilicheka. Maskini Yadira alidhani amepata mama mkwe katili, akalia kwa mumewe. Wilmer akatazama paa. Naye alikuwa ni mtoto wa Yanapata.

Siku chache kabla ya sikukuu, Yadira alibisha mlango wa Targelia, mzigo wa kuni mgongoni, akaingia bila woga. Miaka mingi hakuna aliyeingia mlango ule Desemba. Targelia alikuwa akishona kishati kipya. Cha zamani kilikuwa mwilini mwa Mtoto bado, inchi chache tu kutoka kwenye mikono ile. Angeweza kumaliza pale pale. Lakini alitaka afanye siku ya sikukuu, mbele ya watu, isije ikasemwa ameiba uhuru wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

"Nimesikia una binti Manta," alisema Yadira, akitua kuni. "Mimi natoka karibu na pale. Unaijua bahari, mama?"

"Kwenye kalenda."

Yadira alicheka, kisha akaona si utani, akaacha. "Haikai kimya. Usiku na mchana inasema. Kwanza utachoka nayo, halafu huwezi kulala bila yake. Mimi huku silali, mama. Nikifungua mlango, mlima. Nikifumba macho, mlima. Natafuta mahali ambapo macho yanaweza kwenda mbali, sipaoni. Lakini Wilmer amesema tutarudi. Tukishavuna viazi tu, tunarudi, tufungue kibanda cha samaki."

"Amesema hivyo?"

"Ameapa."

Rosalino naye aliwahi kuapa kumpeleka Targelia kuiona bahari, baada ya mavuno. Targelia alikata uzi kwa meno. Usoni pa Mtoto mashavu yalikuwa mekundu vilevile.

Siku ya sikukuu mlima ulikuwa wazi, na moshi kidogo tu kileleni. Uani kwa Targelia palijaa: bendi, sufuria za pombe ya miwa yenye mdalasini, simbilisi wamepangwa kwenye vijiti juu ya makaa. Barabarani Abdón aliwasha injini kama alivyoahidi. Kwenye kiti cha mbele Targelia alikuwa tayari ameweka bunda lake: nguo mbili, sweta alilomfumia Danilo, na viazi, maana hakuamini kwamba pwani kuna viazi vya maana.

Yadira alikuja na jogoo mikononi. Blanca alimwamuru amshike tangu asubuhi, asimwachie hata akifa.

"Mama, kwa nini nisimfunge?"

"Atahuzunika," alisema Blanca, na hilo ndilo lililokuwa neno pekee alilolipata.

Targelia alimvua Mtoto kishati cha zamani, akamvisha kipya. Kisha akaanza kuzunguka uani, kishati mkononi. "Nishikie, nifunge kiatu." Poncho zikajikunyata. "Nishikie, nifunge kiatu." Vicheko. Watu walirudi nyuma wakimpisha njia, na njia ile ilinyooka moja kwa moja mpaka kwa Yadira. Bendi ikanyamaza bila kuambiwa. Kikohozi kikamshika Targelia pale pale katikati ya uwanja, kikamkunja mpaka magotini.

Hakuna aliyetoa mkono kumwinua. Ilikuwa Desemba.

Yadira alimwachilia jogoo. Jogoo akaruka juu ya ngoma, watu wakapiga kelele, Blanca akafunika uso. Msichana akapiga magoti mbele ya Targelia, akanyoosha mikono yote miwili, imepasuka kwa baridi na kuni. Alikuwa akitabasamu.

"Lete, mama, nikushikie. Ufunge kiatu chako."

Injini ya basi ilikuwa ikinguruma barabarani. Kilichobaki ni kufungua vidole tu. Targelia aliutazama ule uso, na tabasamu lile alilijua. Ni lake. Alikuwa amelivaa mwenyewe uani pale pale, na sketi yake mpya, akidhani makofi ni mapenzi. Alitaka kwenda, Mungu anajua alivyotaka. Vidole vikagoma.

"Rudisha mikono yako, mwanangu," alisema. "Rudisha upesi, uifiche. Ukikigusa hiki, hutaiona bahari tena."

Akamweleza yote, palepale, kwa sauti, mbele ya wote. Ni mtu mmoja tu Yanapata aliyeweza kuonya bila kuogopa adhabu, maana adhabu alikuwa nayo tayari mkononi. Yadira alisikiliza mdomo wazi. Kisha mikono yake ikarudi taratibu, ikaingia chini ya shali.

Uani palizuka manung'uniko. Mtu mmoja alitema mate. "Umetupotezea miaka thelathini, mwanamke!" alipaza sauti Abdón, akaenda barabarani, akashusha bunda la Targelia, akaliweka juu ya jiwe, akaondoa basi. Blanca alilia, akabusu pindo la shali ya Targelia, mikono yake ikiwa mgongoni.

Yadira ndiye aliyebaki watu walipotawanyika. "Mama," alisema, "mimi nitakuwa mikono yako. Maji nitakuchotea, kuni nitakuletea. Naapa mbele ya huyu Mtoto."

Jioni ile Targelia alimpigia Maricela. "Basi limeniacha," alisema.

"Basi la mwaka gani, mama?" aliuliza Maricela, na hakungoja jibu.

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Targelia alitenda wema, ila kwenda zake ndiko kulikomshinda. Hata hivyo mwaka uliofuata haukuwa mbaya sana. Yadira alitimiza kiapo. Januari alimchotea maji. Wakati wa majivu ya Machi alimfutia majani ya viazi, moja moja, akiimba nyimbo za pwani kwa sauti mbovu. Alimfundisha Targelia jinsi bahari inavyosikika, kwa kumwekea kikombe sikioni, wakacheka. Viazi vikavunwa. Wilmer akasema labda mavuno yajayo, kwa kuwa Yadira alikuwa mjamzito, na safari ni ndefu. Yadira alilia siku moja, siku ya pili akafuma. Kuanzia hapo akawa hataji tena kibanda cha samaki. Targelia alimtazama anavyoinama kupanda, anavyofunga shali kama wanawake wa hapa, akahuzunika, na hapo hapo akafurahi kwamba hayuko peke yake. Furaha hiyo alimwungamia Mtoto jioni, kwa aibu.

Kisha Desemba ikaingia.

Asubuhi ya kwanza walikutana bombani. Targelia alikuwa amejaza ndoo na kikohozi kikamshika; ndoo ikamponyoka, ikabingirika, ikasimama miguuni pa Yadira. Yadira alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alianza kuinama, kama alivyozoea. Halafu akasimama. Mikono yake ilikuwa chini ya shali, yote miwili.

"Umeamkaje, mama?" alisema, akisalimu kwa kidevu.

"Salama, mwanangu."

Walitazamana. Macho ya Yadira yalijaa machozi. "Nisamehe, mama," alisema. "Nina mtoto sasa. Na ni Desemba."

"Ni Desemba," alisema Targelia. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akainama, akaokota ndoo yake, akairudisha chini ya bomba.